Kiti cha Dereva Juu ya Barafu

Nasikia mnasimuliana kwamba siku yangu ya kwanza kwenye barafu nilifungua mlango wa gari ili niruke nikimbie. Uongo. Mlango niliufungua, sikatai, na watu wapatao hamsini waliona. Lakini kuruka sikutaka. Nilikuwa natafuta gia.

Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi madereva mliobaki katika timu ya duka letu la matairi hapa Agincourt, Toronto, mna midomo mirefu kuliko kumbukumbu. Kwa hiyo naandika mwenyewe, kwa mkono wangu, mpate habari kutoka kwa mwenyewe. Mambo ya mishahara na vyeo siyaweki. Hayamfundishi mtu kukata kona.

Kwanza mnijue. Mimi ni Masanja. Shule niliiacha darasa la pili, huko Shinyanga, kwa sababu ng'ombe walikuwa wengi na mwalimu alikuwa na fimbo. Nikakulia kwenye malori ya pamba. Ninyi mliozaliwa kwenye lami hamwezi kujua udongo mweusi wa mbugani mvua ikishanyesha. Ukiwa mkavu ni kama tofali. Ukilowa ni kama sabuni. Lori la tani saba haliendi mbele, linakwenda ubavu. Pua inatazama shamba la jirani, mkia unatazama ulikotoka, na wewe dereva unaiangalia njia kwa dirisha la pembeni, mikono inazungusha usukani bila kupumzika kama mtu anayekamua nguo. Nimeendesha hivyo miaka ishirini na miwili. Sikupindua lori hata moja. Marobota niliyaangusha mara moja, na siku hiyo kosa lilikuwa la kamba.

Tajiri wangu, yaani mwenye malori, alikuwa Mhindi wa Mwanza, Ismailia, mtu mkali na mwenye haki. Mwanawe aliitwa Amirali. Familia ile iliondoka, pamba nayo ikaanguka bei, nami nikabaki na mikono inayojua kitu ambacho hakina tena mnunuzi.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini binti yangu, ambaye ni muuguzi, akaniita Toronto nikae naye Regent Park. Nikakaa ndani wiki tatu nikitazama dirisha. Wiki ya nne nikaambiwa yuko Mhindi mmoja Agincourt anauza matairi na anazungumza Kiswahili kama mtu wa Mwanza. Nikapanda basi. Nikamkuta kasimama mlangoni, nywele zimekuwa nyeupe, tumbo limekuja, lakini ni yeye, Amirali.

"Masanja?" akasema. "Masanja wa lori la baba?"

"Ndiye."

"Unafanya nini huku?"

"Natetemeka."

Akacheka mpaka wateja wakageuka. Siku ileile akanipa koti zito na spana ya magurudumu, nikaanza kazi. Ilikuwa wiki ya theluji ya kwanza, na watu wa mji huu wana tabia moja: wanajua kila mwaka kwamba theluji inakuja, na kila mwaka inawashangaza. Foleni ya magari ilifika barabarani. Nilifunga na kufungua magurudumu mpaka vidole vikakataa kukunjika.

Nyuma ya duka lilikuwapo gari moja dogo la mashindano, jina la duka limeandikwa milangoni. Dereva wake alikuwa Mkanada mmoja aitwaye Walter, mzee wa rika langu, mpana kama kabati, aliyetumia ujana wake kuendesha magari ya kusukuma theluji barabarani. Kila Jumamosi ya baridi alikwenda kushindana juu ya ziwa lililoganda, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka hapa kuelekea kaskazini. Jumamosi ya kwanza walinichukua nikafunge matairi. Nikasimama ukingoni, pua imeganda, sielewi kwa nini watu wazima wanakuja kucheza mahali kama pale. Kisha magari yakatoka.

Yakaja kwenye kona ubavu. Yote. Pua inatazama huku, gari linakwenda kule, madereva wanatazama kwa madirisha ya pembeni na kuzungusha mikono. Nilidhani kazi yangu ilikufa kule mbugani, kumbe ilihamia huku bila kuniaga.

Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu: kiti kile cha dereva. Nilipomwambia Amirali, alinitazama kama mtu aliyeombwa binti.

"Mzee, lile si lori la pamba."

"Na barafu si udongo? Vyote vinateleza."

"Una miaka mingapi wewe?"

"Ile iliyoandikwa kwenye pasipoti, na michache ambayo haikuandikwa."

"Funga matairi, Masanja."

Nikafunga matairi majira mawili ya baridi. Mchana wa Jumamosi nilisimama ukingoni nikimtazama Walter, nikijifunza kwa macho. Mwishoni mwa majira ya pili mgongo wa Walter ukakataa. Alishuka garini siku moja akiwa amejikunja kama herufi, akamwambia Amirali basi, imetosha. Amirali akaanza kuulizia dereva kijana. Walter ndiye aliyesema, "Mpe huyu mzee mizunguko mitatu. Macho yake hayatoki kwenye gari langu tangu alipofika."

Haya, sasa ndiyo habari ya mlango.

Kwetu usukani uko kulia na gia unaipata kwa mkono wa kushoto. Huku ni kinyume. Jijini nilikuwa nimeendesha gari la kupeleka matairi miaka miwili bila shida, lakini lile linajibadilishia gia lenyewe, mkono hauna kazi. Gari la Walter lilikuwa na gia za kushika. Kona ya kwanza nikapita vizuri. Ya pili nikapita vizuri zaidi, nikasikia watu wanapiga kelele za kusifu, na hapo ndipo mtu huharibu. Kona ya tatu nikafanya kama mbugani: gari lilipoanza kwenda ubavu nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Kwenye tope ndivyo inavyotakiwa, tairi lizunguke kwa nguvu lijisafishe lenyewe. Kwenye barafu tairi likizunguka hivyo linaisugua barafu mpaka inakuwa kioo. Mkia ukanipita. Roho ikaruka, na roho ikiruka mkono unarudi kwao. Mkono wa kushoto ukaenda kutafuta gia. Ukakuta kitasa cha mlango. Ukakivuta kwa nguvu zote, kama mtu anayetafuta gia ya pili ya lori la tani saba.

Mlango ukafunguka wote. Mimi nimening'inia kwenye mkanda, nusu ndani nusu nje, gari linazunguka mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mlango umetanuka kama bawa, mpaka tukajikita kwenye ukuta wa theluji. Mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba abiria anaomba kushuka. Watu wakacheka mpaka wakashikana.

Amirali alikuja kwa hatua fupi fupi asianguke.

"Masanja, kama ulitaka kushuka ungesema."

"Nilikuwa natafuta gia."

"Nje?" Akautazama mlango uliopinda. Hakucheka tena. "Kiti hiki hakikufai, mzee. Jumatatu rudi kwenye matairi."

Nikarudi Toronto siku ile kwenye kiti cha nyuma. Nisikufiche wewe unayesoma: niliumia. Mtu akikwambia huwezi kitu usichokijua, haiumi. Akikwambia huwezi kitu ulichokifanya miaka ishirini na miwili, hiyo inaumiza.

Walter ndiye aliyeniokoa, na namna alivyoniokoa ndiyo ninayotaka muishike. Jumatatu alikuja dukani, akaketi juu ya tairi, akaniambia bila kubembeleza: "Una magonjwa mawili. Moja la mguu, moja la mkono. La mguu nitakutibu mimi. La mkono huna haja ya kutibiwa. Mkono wako hauna kosa, gari ndilo lenye kosa." Akaingia ofisini kwa Amirali wakafunga mlango. Walipotoka Amirali alikuwa anajikuna kichwa. Shemeji yake alikuwa akisafirisha magari yaliyotumika, ya usukani wa kulia, kutoka Japani kwenda Dar es Salaam, na sheria ya huku inaruhusu kuingiza gari la namna hiyo mradi limepita miaka kumi na tano.

"Nitaleta moja," Amirali akasema. "Moja tu. Walter akisema uko tayari, na ukipata leseni ya mashindano, utakaa ndani yake. Usipopata, nitaliuza."

Gari lilifika kiangazi. Dogo, milango minne, rangi ya haradali, linasukuma kwa magurudumu ya nyuma, usukani kulia pale Mungu alipouweka. Redio ilisema Kijapani na haikukubali kuzimwa. Tukaliita Shangazi, kwa kuwa lilikuja na mambo yake na halikutaka kuambiwa.

Matibabu ya mguu yalichukua majira mazima ya baridi. Walter hakuniruhusu kugusa gari wiki tatu za mwanzo. Alinitembeza. Kabla ya kila mashindano tuliuzunguka mzunguko mzima kwa miguu, yeye na mgongo wake mbovu, akipiga magoti kila kona na kunifundisha barafu. Nyeupe ina theluji ndani yake, inashika. Nyeusi haina kitu, ni maji yaliyosimama tu, hiyo usiikanyage ukiwa na haraka. Ya kijivu inategemea jua. Alikuwa na ufunguo wa kufuli la zamani, akiikwaruza barafu nao na kusikiliza. Ikilia kavu, sawa. Ikinyamaza, ngoja. Nami nina ufunguo wangu, na ninyi mnaocheka wazee wanaopiga magoti, tuulizane nani kati yetu ameingia kwenye ukuta wa theluji mwaka huu.

Halafu viatu. Mbugani niliendesha bila viatu, nyayo zinaisikia injini. Ukifanya hivyo kwenye ziwa unarudi nyumbani na vidole pungufu. Walter akanipa jozi ya viatu vyembamba vya ngozi, vile vya kwendea kanisani, na soksi mbili za sufu. Mabuti makubwa ni ya watazamaji. Akanifundisha pia kukanyaga mafuta kwa kidole gumba peke yake, kisigino kimetulia, kama unamkanyaga mtu mguu mezani umwambie anyamaze bila wageni kuona. Tairi zetu hazikuwa na misumari, kwa hiyo nilizichanja mwenyewe kwa wembe wa moto, mistari myembamba juu ya kila kinundu cha tairi ili iume barafu, kazi ya siku mbili kwa tairi nne. Nyuma kwenye buti ya gari mifuko miwili ya mchanga ya kuongeza uzito. Nikaanza kuelewa. Udongo unataka ubishi. Barafu inataka adabu.

Mwezi wa pili Walter akamwambia Amirali, "Yuko tayari." Na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu leseni ya mashindano ilikuwa na mtihani wa kuandika.

Kitabu cha kanuni kilikuwa na kurasa arobaini, kwa Kiingereza, maandishi madogo kama mchwa. Mimi nilijua kuandika jina langu na kusoma kilomita. Kiingereza cha kusema nilikiokota dukani, cha karatasi sikuwa nacho. Binti yangu sikumwambia. Alidhani baba yake anasoma magazeti, kumbe natazama picha. Nilikibeba kitabu kile ndani ya koti wiki mbili kama mtu aliyebeba barua ya mahakama.

Kwenye kanisa letu la Regent Park alikuwapo mama mmoja wa Uvira, huko Kongo, Mama Ester. Kwao alikuwa mwalimu wa shule. Huku alikuwa akiwaogesha wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa, na mikono yake ilinuka sabuni wiki nzima, hata Jumapili. Siku moja baada ya ibada nikamwekea kitabu mezani, chini ya kanisa, pale tunapokunywa chai.

"Papa Masanja, hiki ni kitabu cha nini?"

"Cha kuendesha gari ubavu."

"Bon. Soma hapa."

"Siwezi."

"Hauwezi ao hautaki?"

"Siwezi, mama. Usinipigie kelele, watu wanasikia."

Akasogeza kiti karibu. Sauti akaishusha. "Papa, barabarani kuna alama, si ndiyo? Kila moja inasema kitu kimoja. Unazijua zote?"

"Zote."

"Basi herufi ni alama tu. Ziko ishirini na sita. Za barabarani ziko mingi kupita hizo, na kichwa yako ilizimeza zote. Leta kidole."

Alitaka kuanza na kitabu cha watoto, habari za msichana na mpira wake. Nikakataa. Huyo msichana hanihusu. Tukaanza na ukurasa wa kwanza wa kanuni, na kila Jumapili tulikwenda mistari kumi, baadaye kurasa mbili, na nikikosea alinipiga kidole kwa kijiko cha chai. Maneno yangu ya kwanza ya Kiingereza kusoma maishani yalikuwa mkanda, helmeti na kizima moto. Kitabu hicho ndicho pekee nilichokisoma mpaka mwisho, na nimekisoma mara nyingi kuliko wengi wenu mlivyosoma Biblia.

Mtihani wa kwanza nilianguka. Muda uliisha nikiwa swali la saba, kidole bado kiko kwenye mstari. Amirali akasema, "Masanja, hakuna aibu." Nikamwambia aibu ninayo, asiniondolee, naihitaji. Miezi minne baadaye nikarudi. Nilimaliza maswali yote na dakika zikabaki, na sikujua la kuzifanyia, nikayasoma matangazo ya ukutani. Leseni ilipokuja nilisimama mbele ya sanduku la barua nikalisoma jina langu, herufi kwa herufi. Walikuwa wameliandika sawasawa.

Majira yaliyofuata nikaketi ndani ya Shangazi. Mashindano ya kwanza nilitoka wa nne. Ya pili wa tatu. Ya tatu injini iliganda, tukalifunika gari kwa blanketi la binti yangu na hatukushindana. Ya nne nikashinda. Nami nitawaambia siri ambayo sasa si siri. Mzunguko wa ziwa lile ulikwenda kufuata saa, kona zote kubwa zinapinda kulia. Wenzangu walikaa kushoto, ukingo wa ndani wa kona wakiukisia kwa mbali, ng'ambo ya kiti kitupu. Mimi nilikuwa nimeukalia. Niliona theluji ya ukingo chini ya kiwiko changu, na niliweza kulipitisha Shangazi upana wa kiganja pasipo kuigusa. Gari walilolicheka kwamba lina usukani wa posta, kama magari ya huku ya kugawia barua, ndilo lililoanza kuwapita.

Majira ya tatu tukafika siku ya mwisho mimi na dereva wa gari moja la bluu tukiwa sawa kwa pointi. Amirali alikuwa na wasiwasi. Watu wa kampuni za matairi walikuwa wakimwambia aweke kijana kwenye kiti, sura ya kijana inauza. Asubuhi ile aliniambia waziwazi, na namshukuru kwa kutonificha: "Leo ukileta kombe, hakuna atakayenisemesha tena habari ya kiti. Usipoleta, sijui nitawajibu nini."

"Wajibu niko kazini," nikasema, nikavaa helmeti.

Mizunguko kumi. Nilianza wa tano. Sitaipamba. Mzunguko wa pili nikampita mmoja, wa nne wakagongana wawili wakanipisha kwa hisani yao. Wa bluu alikuwa mbele, dereva hodari, hakosei. Lakini jua la mchana lilikuwa limepanda, na kona ya mwisho barafu yake ilikuwa ya kijivu, niliikwaruza asubuhi. Kila mzunguko ilizidi kulainika kwa nje, pale wote walipopita. Ndani kabisa, chini ya ukuta wa theluji, palikuwa na kivuli, na penye kivuli barafu ilikuwa bado nyeupe. Nafasi yake ni ya gari moja jembamba na dereva anayeona ukingo. Mzunguko wa kumi wa bluu akaenda nje kama kawaida yake. Mimi nikaligeuza Shangazi mapema, ubavu mzima, nikapita kule ndani. Kioo cha pembeni kilichonga theluji kama mtu anayekwangua nazi. Nilitoka mbele yake kwa nusu ya gari, nikavuka mstari, na nilipiga kelele moja ya Kisukuma ambayo siitafsiri.

Nilikuwa sijavua helmeti nilipomwona Amirali anakuja, uso umeanguka. Timu ya bluu imekata rufaa. Wanasema usukani wa kulia ni faida isiyo halali, gari lifutwe.

Wasimamizi watatu walikaa kwenye kibanda cha mbao ukingoni, jiko la kuni linawaka. Tukaingia sote. Meneja wa timu ya bluu alizungumza vizuri, kwa heshima, maneno marefu. Wasimamizi wakatazamana. Mkubwa wao akasema ni kweli, jambo hili halijawahi kutokea. Amirali akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Masanja, tusigombane. Tuwaachie. Nitasema na wale watu wa matairi."

"Utasema nini?"

"Sijui."

"Basi kaa."

Nikaingiza mkono ndani ya koti, nikatoa kitabu. Kilikuwa kimechakaa, kina madoa ya chai ya kanisani. Nikakifungua penye kanuni ya usukani. Msimamizi mkubwa akanyoosha mkono anisaidie kusoma, maana alikwishasikia habari zangu. Nikamwambia, "Nitasoma mwenyewe."

Nikasoma. Kidole kwenye mstari, neno kwa neno, sina haraka. Usukani ufungwe imara. Usukani uzunguke bila kukwama. Usukani ufikiwe na dereva aliyefungwa mkanda. Nikafika kwenye nukta, nikainua kichwa. "Hapa pana nukta," nikasema. "Upande haujasemwa. Kanuni inayofuata ni ya kiti. Niendelee?"

"Endelea," akasema.

"Kiti cha dereva kiwe nyuma ya usukani."

Mkubwa akauliza, naye midomo inamcheza, "Na kiti chako kiko nyuma ya usukani?"

"Kiko. Nimetoka kukikalia sasa hivi, bado kina joto."

Walicheka wote, hata meneja wa bluu. Rufaa ikatupwa. Dereva wa bluu alikuja nje akanipa mkono, akaniuliza gari lile tulilipata wapi. Mwaka uliofuata alikuwa na la kwake, usukani kulia. Mshindani akikuiga usimnunie. Amekupa cheti.

Amirali alibaki amesimama kando ya kibanda, kombe kalishika kama mtoto aliyekojoa. "Nilipokuwa mdogo," akasema, "baba alikuwa ananituma nikusomee hati za mzigo. Unakumbuka? Ulikuwa unatia dole gumba."

"Nakumbuka. Ulikuwa unasoma haraka mno."

Akafuta macho kwa glavu. Tangu hapo hakuna mtu aliyetaja kiti mbele yangu.

Mengine mnayajua. Makombe manne ya ziwa. Kiangazi duka lilinikodisha kwenye maonyesho, nikilowesha lami kwa maji ya sabuni na kuwazungusha madereva wa gari za wagonjwa mpaka wajifunze kutoogopa. Halafu vijana wa Brampton wakaja na kanda zao za video kutoka Japani, na gari zao za usukani wa kulia walizozipaka rangi za peremende, wakiniuliza kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili cha wazazi wao wanakisikia, kama najua kitu kinaitwa drifti. Nikatazama kanda: magari yanakwenda ubavu. Dakika mbili zikatosha.

"Mara ya kwanza niliifanya na tani saba za pamba mgongoni," nikawaambia. "Tofauti ni kwamba ninyi mnachoma matairi, na mimi nafanya kazi kwa mwenye kuyauza. Endeleeni."

Walipoandaa shindano lao la kwanza kwenye uwanja wa maegesho, majaji watatu juu ya kontena, walinialika kwa heshima ya mzee. Heshima yao niliirudisha na kombe lao nikaondoka nalo.

Hakuna aliyeniambia niache. Hilo naliandika kwa wino mzito. Si Amirali, si daktari, si binti yangu, ingawa alitamani. Nilikwenda mwezi uliopita kwenye mashindano ya mwisho ya majira, nikauzunguka mzunguko kwa miguu, nikapiga magoti kila kona, na magoti yalipochelewa kunyanyuka kwenye kona ya tano nikajua kwamba mwakani nitaanza kuikisia barafu badala ya kuisoma. Mtu anayekisia atakuja kumuua mwenzake. Nikarudi kwenye gari, sikumwambia mtu, nikaendesha.

Nilishinda. Sikushinda kwa bahati, nilishinda kwa urefu wa gari tatu. Walter ndiye aliyepunga bendera, amekalia kiti cha kukunja, amefunikwa mablanketi mpaka kidevuni. Nikaliegesha gari mbele ya watu, nikazima injini, nikabaki nimekaa, mikono kwenye usukani.

Amirali akaja akagonga kioo. "Teremka, mzee. Wanakungoja na kombe."

"Waambie wangoje."

"Una nini? Umeumia?"

"Sijaumia. Ni mara ya mwisho, nataka nikae."

Akaelewa. Mtoto wa tajiri wangu, mtu aliyewahi kuniambia kiti hiki hakinifai, akasimama kwenye baridi ile, mgongo ameuegemeza mlangoni pangu, na kila aliyekuja kuniita akamrudisha kwa mkono.

Nikakaa mpaka injini ikapoa. Kisha nikafungua mkanda, nikafungua mlango, nikateremka mwenyewe.